Sogeza Kushoto Kidogo

Saa moja jioni, Kayole, stima imerudi.
Nafuta jicho la darubini kwa pindo la koti,
jambo tulilokatazwa chuoni,
na juu yake naifunga simu
kwa mpira wa kubania noti.

Chini yake kuna kipande cha Syombua,
chembamba kuliko utando wa kitunguu,
kimepakwa rangi ya zambarau na ya waridi.
Yeye mwenyewe yuko nje kwenye benchi,
ndoo ya mayai ya kuchemsha katikati ya miguu,
kachumbari imefunikwa kwa sahani.
Nilimwambia aje Jumanne.
Jumanne mtandao ulikataa.
Amerudi leo, hakunung'unika,
ameniuzia yai moja, chumvi akaongeza.

"Sogeza kushoto kidogo," inasema sauti
kutoka upande wa pili wa jiji.
"Rudi. Hapo hapo. Usipumue."
Nami sipumui.

Seli zilizotulia nazijua:
hukaa kama watu kwenye foleni ya maji,
kila mmoja na mtungi wake.
Hizi zinasukumana.
Viini vyake vikubwa, vyeusi,
hazijui zamu ni nini.
Nimeona kabla Daktari Amdany hajasema,
nikanyamaza,
maana kazi yangu ni kusogeza.

Zamani kioo kama hiki kilisafiri kwa bahasha,
kikalala ndani ya droo ya mtu,
kikaenda likizo ya Krismasi,
na jibu liliporudi
lilimkuta mwenyewe keshaondoka.
Ninalo daftari la majina hayo.
Silifungui jioni.

"Mwite. Nitamwambia mwenyewe."

Syombua anaingia. Nageuza simu.
Anaona uso wa mtu, anasita,
anafungua kilemba, anakifunga upya, anakaza fundo:
hata habari mbaya haipokelewi kichwa wazi.

Daktari hazunguki.
Anasema ni saratani, mama.
Anasema imekutwa ingali ndogo.
Anasema Alhamisi, upasuaji, kadi ya bima,
na mimi naandika kila neno nyuma ya risiti
kwa sababu najua hasikii tena.

Kisha anauliza:
"Kwa hiyo wewe umeniona ndani?"
"Nimeona kidogo tu."
"Hicho kidogo kinafanana na nini?"

Kimya. Nyuma ya daktari mtoto anakohoa,
mara mbili, kikavu,
mlango wa jikoni unafungwa.
"Na tunda la zambarau," asema,
"lililopondekea kwenye shuka."

Syombua anatikisa kichwa
kama mfuaji anayekadiria doa.
Halafu anaiinamia simu, karibu mno,
hadi pua yake inajaza kioo kule South B:

"Huyo mtoto wako, daktari,
kikohozi hicho kinatoka kifuani.
Umempeleka akaonekane?"

Mtandao unakwama papo hapo,
mdomo wa daktari wazi.