Namna ya Kuwapita Wenye Mbio

Mwalimu Kageha alipanga vizibo vya soda juu ya dawati,
vinne vyekundu mstari mmoja: mabeki wa Shirandala.
"Hawa," akasema, "wana mbio."
Tukacheka. Nani hakujua?
Mwaka jana Lumadede alipewa pasi akiwa peke yake,
akainamisha kichwa kuutuliza mpira,
alipokiinua alikuwa chini, chali,
na kipa wetu anauokota nyavuni.

Asega akaanza: "Haraka haraka..."
"Nyamaza. Wale wana haraka, na baraka wanayo.
Msinijibu kwa methali. Nijibuni kwa miguu."

Kisha akachukua kizibo cha buluu
akakisogeza nyuma.
Nyuma! Kwa kipa wetu!
Vyekundu vikakifuata, maana ndiyo tabia ya mwenye mbio:
akiona kitu kinakimbia hawezi kukaa.
"Sasa tazameni wameacha nini."
Ubao mtupu, upana wa kiganja,
na jina la mtu lililochongwa kwa bikari
kabla hatujazaliwa.
"Hapo," akasema.

Mimi ndimi niliyekuwa mzito. Namba sita,
nyayo bapa, pumzi ya kuazima.
"Vuguza, wewe usikimbie.
Akikaribia, ngoja.
Akikaribia zaidi, ngoja.
Ukisikia njumu zake zikikwangua nyasi, gusa mara moja, pembeni,
umwache apite na upepo wake."

Jumamosi, Hamisi. Mvua ya saa tisa ilikuwa imeshapita,
uwanja unateremka kuelekea kwenye majani chai,
na kona moja ina dimbwi ambamo mpira hufa.
Nilingoja.
Nje ya kamba shule nzima ilipiga kelele: toa! toa!
Nilingoja, moyo ukinipiga masikioni,
na beki wao namba nne, Lihanda,
akaja kama mlango uliosukumwa na dhoruba.
Gusa.

Akapita. Nilinusa dawa ya misuli,
nikamwona akijishika kwenye hewa,
matope yakimbeba mpaka miguuni mwa mshika kibendera.
Nyuma yake, uwazi.
Ule ule wa dawati. Nusura nisome lile jina.

Lumadede aliingia humo akitembea.
Naapa, akitembea.
Akapiga.
Mwamba.

Tulifungwa moja bila, dakika za lala salama, kwa kona.
Ndani ya basi Mwalimu Kageha hakusema neno;
alihesabu vizibo vyake mapajani, akavihesabu tena.
Kimoja kilikuwa kimepotea.

Juzi nilikutana na Lihanda sokoni Chavakali,
anatengeneza simu, tumbo limemtangulia.
Matokeo hayakumbuki. Alidhani tulitoka sare.
"Lakini siku ile," akasema, bisibisi ikiwa mdomoni,
"watu wote wanakupigia kelele, mimi nakuja mbio vile...
ulikuwa unangoja nini?"

Nikamwambia: wewe.