Inavuta Kushoto

Kazi yangu ilikuwa ufa.
Wengine huziba nyufa, wasije wakajenga ukuta;
mimi nililipwa kuzichana,
miaka thelathini na mmoja, Settimo, karibu na Mto Po,
kwa kisahani kinachozunguka, chembamba kuliko ukucha,
nibu baada ya nibu, katikati kabisa,
kutoka tunduni hadi nchani,
ili wino upate pa kupita.

Kalamu nzima sikuwahi kuishika.
Gaudenzio alikereza viwiliwili, jengo la pili.
Pinuccia alichonga ndimi, zile za eboniti nyeusi
zenye mapezi kama ya samaki mdogo.
Vifuniko sikujua hata viliingilia mlango upi.
Kidole kimoja hakivunji chawa, ndiyo,
lakini vyetu viliajiriwa kimoja kimoja,
na kengele ya saa kumi na moja ilivirudisha nyumbani
bila kusalimiana.

Kiwanda kikafungwa. Siku ya mwisho walitupa barua tutie saini,
na kalamu ya plastiki, ya bure,
iliyofungwa mezani kwa uzi.

Sasa kila Jumamosi napanda treni hadi Turini,
soko la Balon, ukungu bado umelalia mawe,
wauzaji wanapuliza vidole.
Nainamia masanduku ya viatu:
funguo zisizo na milango, miwani, vijiko,
na chini kabisa maiti za kalamu,
zilizovunjika shingo, zilizokaukiwa na wino kooni.
"Euro mbili, mama, kiganja kizima."
Nachambua kama mchele.

Kiwiliwili hiki cha kijani nilikijua kwa kukigusa:
hesi zake zinaanza robo kabla ya mahali pake.
Gaudenzio alikuwa mashoto. Mkaguzi alimgombeza
mpaka akachoka mkaguzi.
Ulimi huu una mapezi kumi na matatu;
wote walichonga kumi na mawili, isipokuwa mmoja
aliyekuwa akihesabu huku anapiga soga.
Kifuniko, Mungu anisamehe, ni cha washindani wetu
wa ng'ambo ya reli. Kilikataa kufunga.
Nikakikanda kwa mvuke wa birika,
nikakibembeleza kwa msasa juma zima,
hadi kikakubali ndoa.
Kifuko cha mpira kilikuwa kimeoza: nikakata kipya,
nikakipaka poda, nikakibandika kwa sheliki,
kikalala juu ya friji, mbali na paka.

Ikabaki nibu.
Nilikuwa nazo tisa, ndani ya kopo la dawa ya kikohozi.
Nikaziweka chini ya lenzi, moja moja,
na ya saba ikanisimamisha moyo:
ufa umeikosa katikati, unywele mmoja, kushoto.
Kosa hilo nalijua. Ni la Jumatatu ya Novemba,
juma tulilomzika mama, nami nikarudi kazini mapema
kwa sababu nyumbani palikuwa kimya mno.
Ilipaswa kuyeyushwa. Nani aliiokoa?
Labda ilidondokea pindo la suruali ya mtu.
Labda mkaguzi aliyaona macho yangu
akageukia dirishani.

Ya nane sikuitazama.

Wino wa bluu iliyoiva. Mgongo wa bili ya gesi.
Niliandika: chumvi. Vitunguu. Sabuni ya kufulia.
Kisha majina ya jengo la pili, moja baada ya jingine,
nikakwama kwa wale niliowajua kwa kikohozi chao tu.

Nikampigia Pinuccia. Masikio yake yamechoka, nilipiga kelele:
"Nimeiunda! Ina ulimi wako!"
"Inaandika?"
"Inaandika. Lakini inavuta kushoto."
Kimya. Nilisikia redio yake, sufuria yake.
"Mapezi mangapi?"
"Kumi na matatu."
Akacheka mpaka akakohoa.
"Basi iache ivute inakotaka," akasema, "mradi haivuji."

Inavuja kidogo. Sikumwambia.