Dirisha la Usajili, Lowell, Februari

Keti, mama Ratanak. Vua koti, leo hita imeamka.
Fomu ni ya bure. Atakayekudai hata senti
hatoki kwetu.

Shule hii ni ya umma, ila inaishi kwa mkataba:
ikishindwa kuutimiza, inafungwa.
Nimeona moja ikifungwa,
madawati juu ya lori, mvua inanyesha.

Hakuna mtihani wa kuingia. Naomba cheti cha kuzaliwa,
kadi ya chanjo, bili ya umeme.
Bili ina jina la shemeji yako?
Basi aje shemeji, asaini hapa
kwamba mnalala ghorofa ya juu yake.
La. Hatuulizi mlifika mwaka gani.
Hatuulizi mlipita wapi.

Tarehe saba Machi, saa kumi na mbili jioni, ukumbini,
majina yatachotwa kwenye ndoo.
Ndoo kweli, ya plastiki, ya buluu.
Nafasi sitini, maombi mia tatu na ushee.
Mwenye kaka au dada humu hutangulia;
wenu ndiye wa kwanza, hana wa kumshikia mlango.

Wangu, Otávio, alitoka namba tisini na moja.
Mimi, mwenye funguo za kabati hili!
Nililia chooni, nikanawa, nikarudi kupiga mihuri.
Akasoma shule ya mtaa, ng'ambo ya mto.
Sasa anatengeneza lifti, na hunisahihisha Kiingereza changu.

Kwa hiyo mwandikishe na kule pia.
Mshika mbili moja humponyoka, najua.
Wewe shika mbili.

Basi letu haliji mtaani kwenu.
Masomo huisha saa kumi, giza la Desemba likiwa mlangoni.
Nakwambia sasa, usije ukaniuliza Septemba.

Na akikosa, orodha ya kusubiri si kaburi.
Agosti watu huhama, kiti hubaki wazi,
nami hupiga simu kwa namba usiyoijua.
Una siku moja tu ya kujibu.
Pokea, hata ukiwa zamu ya usiku,
hata mikono ikiwa na sabuni.

Saini hapo. Polepole, wino hauishi.

Yeye hajaketi tangu mwingie.
Anasoma ramani ya milango ya moto ukutani,
kidole kinafuata mishale,
chumba kwa chumba, kana kwamba
ameshapewa ratiba.