Asparaga ya Mbodze

Mwaka wa kwanza: nyuzinyuzi,
laini kama nywele za kichanga.
"Hayo si magugu?" nikamuuliza.
Mbodze kimya, anamwaga samadi ya mbuzi.

Mwaka wa pili mbuzi mwenyewe akaingia.

Mbegu alitoka nazo Casuarina, jikoni kwa Mtaliano,
ndani ya kisanduku cha kiberiti.
Mtaliano alikwenda kwao Jumatano,
mshahara wa miezi miwili haukwenda popote.

Mwaka wa tatu, masika yakipungua,
vidole vya kijani vikapasua mchanga.
Kumi na kimoja. Nilivihesabu mara mbili.

Akavikaanga na kitunguu, tui kidogo, ndimu.
Tukatowelea sima, hakuna anayesema:
ladha ya mbaazi mbichi zilizonyeshewa usiku.

"Nimelipwa," akasema, akilamba kidole.
"Bado riba."