Maji ya Siku Mbili

Wa kwanza alikuwa Kapufi, fundi vioo wa Gerezani.
Nilimwendea kwa ajili ya dirisha, nikatoka na tangi,
futi mbili kwa moja, gundi bado inanuka siki.
"Maji ya bomba usiyatie leo," akasema, "yana dawa.
Yaweke kwenye ndoo, yalale.
Siku mbili ni maji mgeni; ya tatu ndiyo uyape samaki."

Nilikuwa na miezi mitatu Tabata Kimanga,
muuguzi wa zamu ya usiku, nalala majirani wakiamka.
Jina langu pale: yule dada wa chumba cha nyuma.
Ndoo ikalala. Mimi nikakesha.

Gapi sita, wadogo, mikia kama pindo za khanga.
Jumapili wakafa wawili.
Nikampigia Kapufi, sauti imekwama kooni, naona haya,
mimi ninayefumba macho ya marehemu kwa mikono hii.
Hakucheka. "Unawalisha mara ngapi?"
Mara tano.
"Dada, umewaua kwa ukarimu."
Akanipa namba ya Zulekha.

Zulekha anakaanga mihogo Magomeni Mikumi,
ana matangi manane na mume aliyewahi kusema, "Chagua, mimi au samaki,"
kisha akakutwa alfajiri anafuta kioo kwa fulana yake mwenyewe.
Zulekha akanipeleka kwa Tumsifu, mlinzi wa benki,
anayefuga viluwiluwi vya mbu kwenye dumu,
hata bwana afya akamwandikia faini.
("Ni chakula," alijitetea. "Cha nani?" "Cha wageni wangu.")
Tumsifu naye kwa Haridas, muuza vipuri wa Kisutu,
mwenye samaki wa Kigoma waliokuja na treni ndani ya ndoo,
wakali kama wapangaji wanaochangia mita moja ya umeme.

Hatukuwa chama. Hatukuwa na katibu wala daftari la michango.
Ila mtu alibisha hodi na chupa ya mayonezi,
ndani mna vitu vinametameta,
"Tumepata watoto ishirini!"
ungedhani yeye ndiye katoka leba.
Na mimi nikatoa wangu: saba kwa Zulekha, kumi kwa Tumsifu,
wanne kwa Nassoro, mtoto wa mwenye nyumba,
ambaye tangu siku hiyo ananiita kwa jina.

Kisha ule usiku. Umeme ulikatika saa mbili,
nami nipo wodini, jenereta linanguruma, sijui lolote.
Nilirudi pampu imenyamaza.
Ishirini na tisa. Wote juu, midomo wazi,
kama watu waliokatizwa katikati ya swali.
Sikumpigia mtu. Nikamwaga maji,
nikapindua tangi, nikaweka sufuria juu yake.

Nassoro ndiye aliyenichongea.
Jioni Zulekha akaingia ananuka pilipili na mafuta,
Tumsifu na sare yake, kofia kwapani, chupa mkononi,
Haridas na pampu ya betri imefungwa kwa gazeti
("Si zawadi. Utalipa. Siku yoyote."),
Kapufi hakuleta kitu, alileta kidole,
akakipitisha kwenye kona zote nne akitafuta ufa.

Niliinua chupa ya Zulekha kwenye taa.
Mmoja akageuka, na mkiani
doa jeusi, kama tone la wino,
la yule jike wangu wa kwanza.
Wajukuu. Nilikuwa nimewatoa nikadhani nimewatoa.

Nikashika kifuniko. Nassoro, miaka tisa,
akanidaka mkono mbele ya watu wazima wote.
"Dada Nyamizi, maji yako ni ya lini?"
Ya leo.
Hakusema kitu. Akatoka,
tukasikia kitu kinaburuzwa uani,
akarudi kaikumbatia ndoo kuliko kimo chake,
inamwagika kizingitini, miguuni, kwenye viatu vya mlinzi.
"Yangu," akahema, "ni ya tangu juzi."