Riba ya Desemba

Alikuja jana dirishani, kijana wa Uru,
Ndesario, mikononi utomvu wa migomba,
anataka milioni moja na nusu, na anaitaka leo:
mbuzi wa mahari, madebe ya mbege, suti.
Nikavuta kikokotoo kama siku zote.
Asilimia tatu kwa mwezi, miezi minane,
laki tatu na elfu sitini zinakwenda na maji, kaka.
Kahawa yako bado maua. Subiri Agosti.

Akanitazama. "Na yeye, dada, akichoka kusubiri?"

Ofisi yetu iko juu ya duka la vipuri, Mbuyuni.
Ukutani pameandikwa AKIBA NI UVUMILIVU.
Niliibandika mimi, kwa gundi yangu,
mwaka uleule Aminieli aliposema,
"Nipe hadi Pasaka."
Moshi ilikuwa imefurika magari ya Dar,
kila shangazi ana swali lilelile na mfupa mkononi.
Tarehe ishirini na saba Elinami akaja na pete.
Haikunitosha.
Niliisukuma kwa sabuni.

Ungeniuliza habari ya miaka kumi ijayo:
mume wa kuridhisha Desemba, au umpendaye Aprili?
Aprili, ningejibu, bila kupepesa;
miezi minne ni nini?
Huko mbali miezi yote ni midogo, imelingana
kama nguzo za umeme barabara ya Himo.
Ila Desemba ilipokuwa leo,
nguzo moja, ya karibu,
iliziba barabara nzima.

Sisemi Elinami ni mbaya.
Huniachia maji ya moto, hukumbuka dawa za mama.
Nalipa kidogo kidogo,
na kuna miezi nasahau kwamba nadaiwa.
Aprili ile Aminieli alipiga simu,
au hakupiga.
Nilibadilisha namba kabla ya Ijumaa Kuu
nisije nikajua hasara yangu ni kiasi gani.

Ndesario alikuwa bado amesimama.
Nikakilaza kikokotoo kifudifudi.
"Saini hapa," nikamwambia. "Na hapa."
Kalamu ikagoma; akaandika kwa kukandamiza,
hadi jina lake likatokea kwenye nakala ya tatu,
ile ya njano,
ambayo mteja haondoki nayo,
hubaki kwangu.