Saba Mara Nane

Thuraya amelilalia daftari kwa kifua
kama mtu anayezima moto.
"Namba zinanichukia, mama."
Ana miaka saba. Nje, Ibra inachemka,
kiyoyozi kinakoroma, na chozi moja
limeidondokea jumla, wino umetanuka.

Nilitaka kusema: kaa vizuri, rudia.
Neno lilishafika ulimini.
Nikaikumbuka rula ya Mwalimu Shumbana,
na vidole vyangu vimekusanyika
kama vya mtu anayemega ugali,
ncha juu, vikingoja jedwali la nane.
Nikalimeza neno.
Nikasema, inuka, twende jikoni, kuna unga.

"Fanya madonge kumi na mawili.
Baba yako hula chapati tatu, akiulizwa husema mbili.
Tumwandikie ngapi?"
Akafikiri, pua nyeupe kwa unga.
"Tatu. Ila tusimwambie."

Siku zikaenda, daftari likabaki kabatini
na hesabu ikawa inazurura nyumbani kama paka.
Dukani kwa Kurian, mtindi baisa mia nne,
tumetoa nusu riali;
"Mia!" akasema, mashine haijalia bado.
Kurian akamtunza pipi.
Njiani akanivuta mkono: "Pipi ni hamsini,
kwa hiyo amerudisha mia na hamsini. Amepata hasara?"
Muscat, kwenye lifti ya hospitali,
alibonyeza hasi mbili, mlango ukafunguka:
"Kumbe chini ya sifuri kuna magari!"

Na bibi yake, Bi Zuwena,
miaka hamsini Omani, ulimi haujabadili saa.
"Niamsheni saa kumi," husema,
na ukutani mshale uko kwenye nne.
Thuraya hutoa sita, huongeza sita,
mkalimani wa bibi na ukuta,
wala hajui kwamba hiyo ndiyo kazi
aliyoililia.

Joto likavunjika. Usiku mmoja akaniuliza,
"Saba mara nane ngapi?"
Vidole vyangu vikajikusanya vyenyewe.
"Sijui," nikasema.
Nina miaka thelathini na tisa
na neno hilo sijawahi kulitoa bila kutazama mlango.
Macho yakamtoka. "Hata wewe?"
"Hata mimi. Tutafute."

Tukamwaga kokwa za tende kwenye sinia,
mistari saba, kila mstari nane.
Mstari wa mwisho ukapungukiwa moja:
ilikuwa mdomoni mwa Azzan.
Tukamsubiri aiteme. Alichukua muda wake.

Bi Zuwena, kochini, macho kayafumba:
"Saba ni ya huku, ilisafiri ikaja kwetu.
Sita vilevile, na tisa.
Nane hatukuazima kwa mtu."
Thuraya akaitazama sinia.
"Basi saba na nane wameoana," akasema,
"na watoto wao hamsini na sita,
huyu mmoja ana mate."

Tulicheka mpaka baba yake akashuka kuuliza.

Kisha tukapanda darini na shuka mbili.
Nikamwonyesha: lile fungu dogo, pale, ndilo jina lako.
Bibi yako huliita Kilimia. Lina nyota ngapi?
"Sita," akasema.
"Saba," akasema bibi, na hakuinua hata kichwa.
Mimi niliona tano na ukungu.

Nikamtazama pembeni, nikingoja chozi.
Akachomoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio,
akachuchumaa penye chokaa tuliyopaka juzi,
akaandika tano, akaandika sita, akaandika saba,
na mbele yake alama ya kuuliza,
kubwa, imepinda kama kulabu.

Sikumkanya. Nilimshikia taa.